Tajiri wa ndege na neno "hapana": nikubali kazi hii ya Malindi?

Mwana_Malindi (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Naomba shauri juu ya jambo lililoninyima usingizi kwa wiki mbili, nami nitalieleza kwa urefu, kwa sababu shauri jema halitoki katika habari nusu.

Nimezaliwa Malindi, nina umri wa miaka 33, na kwa miaka sita nimerusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda mbugani na Pwani. Nina saa 2,300 za kuruka. Mwezi uliopita niliitwa na bwana mmoja mwenye nyumba ufuoni hapa Malindi na nyingine Shela, ambaye anamiliki King Air B200, ndege ya injini mbili, na anatafuta rubani wake mwenyewe. Mshahara alioutaja unakaribia kuwa maradufu ya ninaoupata sasa. Ndege italala Malindi, maana yake nami nitalala kwangu, karibu na mama yangu ambaye macho yake yamedhoofika, na karibu na watoto wawili waliozoea kuniona kama mgeni wa mwisho wa mwezi. Mafunzo ya ndege hiyo atayalipia yeye, kwa sharti kwamba nimtumikie miaka mitatu, na nikiondoka kabla ya hapo nirudishe gharama yote.

Linalonitia wasiwasi ni mwenyewe. Marubani watatu wamepita mikononi mwake katika miaka minne. Tulipoonana alinisubirisha barazani kwa muda wa saa tatu, jambo ambalo sikulihesabu kuwa kosa, kwani mwenye shughuli nyingi hana budi kupanga wageni wake. Lakini katika mazungumzo alisema maneno mawili ambayo hadi leo sijaweza kuyameza wala kuyatema. La kwanza, kwamba rubani aliyetangulia alikuwa akiogopa mawingu. La pili, nilipomuuliza kuhusu ratiba, alijibu kwamba ratiba ni simu yake. Usiku ule ule, saa tano na nusu, alinipigia akitaka kujua kama ningeweza kumpeleka Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, alfajiri, ilhali hatukuwa tumezungumza mkataba na ndege yake sijapata kuishika. Nadhani alikuwa akinipima.

Mke wangu ameniachia uamuzi. Waliowahi kurusha ndege za watu binafsi, niambieni: huyu ni tajiri mkali wa kawaida ambaye mtu humzoea, au ni jambo jingine?

Nahodha_Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Nimestaafu na ninaishi Lamu. Katika miaka yangu ya kurusha, mitano niliitumikia ndege ya mtu mmoja, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi ambalo halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri aliyekaa mjini akisubiri faida. Tajiri alisema mzigo ni boriti na mwisho wa safari ni bandari fulani, na hapo neno lake likakoma. Siku ya kung'oa nanga, ghuba ya kujificha upepo ukichafuka, na mzigo wa kutupwa baharini chombo kikizidiwa, hayo yote yalikuwa ya nahodha, na tajiri aliyeyaingilia hakupata nahodha mzuri mara ya pili. Sheria ya anga imeandika jambo lile lile. Mkataba wa usafiri wa anga uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, ambao Kenya ni mwanachama wake, una viambatisho, na Kiambatisho cha 2 kinampa rubani kiongozi kauli ya mwisho juu ya ndege wakati wote anapoiongoza. Mwenye ndege hakutajwa hapo.

Lakini kauli iliyoandikwa kitabuni haikusaidii ukiwa umesimama gatini pamoja na mtu anayekulipa. Jumapili moja ya mwezi wa tano, tajiri wangu alikuwa na wageni Shela. Tulikubaliana kuondoka Manda saa tisa alasiri ili tufike shambani kwake bara, kwenye kiwanja cha udongo kisicho na taa, jua likiwa bado juu. Chakula kikarefuka, boti ikachelewa, na wakavuka kufika gati la Manda saa kumi na moja kasoro robo. Nilimwambia tulale Lamu, au tutue mahali penye taa na magari yaje kutuchukua. Hakufoka. Aliwageukia wageni akawaambia kwa upole kwamba safari sasa inategemea ujasiri wa rubani.

Niliruka. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishatua giza halikawii, na nilipofika nilitua kwa mwanga wa magari mawili ambayo vijana wa shamba waliyaelekeza kwenye kichwa cha njia. Tulitua salama na wageni wakanishika mkono. Hakuna kilichoharibika siku hiyo, na hapo ndipo nilipoharibikiwa mimi, kwa sababu tangu jioni ile sikuweza tena kumwambia kwamba taa za gari hazitoshi. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba zinatosha. Kila "hapana" niliyoitoa baadaye ilipimwa kwa "ndiyo" ile moja.

Kwa hiyo swali langu kwako halihusu ukali wake. Nenda umuulize, kwa adabu na uso kwa uso: mara ya mwisho rubani alipomwambia hapana, ilikuwa juu ya nini, na yeye alifanya nini? Kisha mtafute rubani mwenyewe umuulize swali lile lile. Ukiyapata majibu mawili yanayolingana, hata kama yote mawili ni machungu, una mtu unayeweza kumfanyia kazi.

Kiti_cha_Kushoto

Kwa heshima ya mzee wetu, naomba niwasemee matajiri kidogo, kwa sababu nimefanya kazi kwa mmoja kwa miaka tisa na nimemlilia zaidi ya mara moja, lakini sijutii.

Ndugu yangu, tenga ukali na hatari, kwa sababu watu huvichanganya. Tajiri wangu hufoka gari likichelewa dakika tano, hufoka maji yakiwa na barafu, hufoka maji yakikosa barafu, na aliwahi kunifukuza kazi saa nne asubuhi na kunirudisha saa sita mchana. Ni mtu mgumu. Lakini katika miaka yote tisa hajapata kuniuliza kwa nini nimeongeza mafuta, wala kwa nini tumezunguka wingu badala ya kupita katikati yake, wala kwa nini tumelala Mombasa. Nikisema hatuondoki, hutukana, kisha hufungua simu na kuahirisha mkutano wake. Namhesabu kuwa mwajiri mzuri mwenye ulimi mbaya. Kuna wengine wenye ulimi wa asali ambao hukaa kiti cha nyuma wakitazama saa, wakashusha pumzi kwa sauti kila unapoomba mnara ruhusa ya kusubiri, na hao ndio waliomaliza wenzetu.

Upande wa kazi, ujue kwamba utaruka kidogo. Mimi mwaka jana sikufika saa 300. Kwa mtu uliyezoea kutua mara sita kwa siku, mikono huanza kupata kutu, kwa hiyo simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, ya mara mbili kwa mwaka usiikubali kuwa hisani. Iandikwe kwenye mkataba. Na zile siku usizoruka si siku zako. Utakuwa Malindi, ndiyo, lakini hutaweza kumpeleka mama hospitali ya Mombasa bila kuuliza, kwa sababu simu inaweza kulia. Mke wangu alisema kwamba nilipokuwa kwenye kampuni alikuwa na mume nusu mwezi, na sasa ana mume mwezi mzima ambaye hawezi kupanga naye chochote.

Fundi_wa_Wilson

Nitasema machache kwa upande wa karakana. Kabla hujatia saini, omba kukaa na daftari la ufundi la ndege hiyo kwa asubuhi moja, ukiwa peke yako. Usitafute hitilafu, tafuta kutokuwepo kwa hitilafu. King Air inayoishi kwenye hewa ya chumvi ya Malindi, ambayo hutua Manda na viwanja vya vumbi, haiwezi kukaa miezi sita bila taa kukataa, tairi kulika au kipimo kusumbua. Ukikuta kurasa safi, maana yake marubani walikuwa wakiniambia mimi mdomoni kwamba kitu fulani ni kibovu na wakaniomba tusiandike mpaka bwana arudi kutoka safari. Nimeombwa hivyo na watu wazuri kabisa. Uliza pia ni nani anayeidhinisha malipo ya vipuri, kwa kuwa kama ni yeye mwenyewe kwa simu, basi kila vali itakuwa na mjadala.

Bint_Shela

Mimi si rubani. Ni dada wa rubani. Kaka yangu alifanya kazi ya namna hii kwa miezi kumi na minne kwa tajiri mwingine, na sisi nyumbani tulijua hali ya hewa ya kwao kwa kutazama namna anavyokula. Nataka tu kumuuliza mwanzilishi wa uzi: mama yako umemwambia sababu ya marubani watatu kuondoka, au umemwambia habari ya mshahara peke yake?

Mwana_Malindi

Dada, umenishika pabaya. Nimemwambia habari ya mshahara na ya kurudi nyumbani. Nitamwambia yaliyobaki leo.

Kiti_cha_Kushoto, nakushukuru sana kwa kutenganisha ukali na hatari, kwani mimi nilikuwa nimeviweka katika kapu moja. Ila nakiri kwamba sijui bado huyu wangu ni wa kapu lipi. Kuna jambo moja nililisahau: alisema kwamba wakati mwingine rafiki zake hutumia ndege hiyo kwenda Lamu, nao huchangia mafuta na kitu kidogo cha rubani. Alilitaja kama faida kwangu. Pia alisema atakayeajiriwa atakuwa peke yake, kwa sababu B200 inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja.

Wakili_wa_Kazi

Hapo kwenye rafiki wanaochangia, simama kwanza.

Nimeshughulika na migogoro ya ajira kwa muda mrefu, na baadhi yake ni ya marubani. Ndege ya mtu binafsi inayombeba mwenyewe, familia yake na wageni wake ina kanuni zake. Ndege inayobeba watu kwa malipo inahitaji cheti cha kibiashara kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na usimamizi wote unaoambatana nacho. Malipo hayageuki kuwa zawadi kwa sababu yameitwa mchango wa mafuta. Kumbukeni mchezaji wa soka Emiliano Sala, aliyefariki tarehe 21 Januari 2019 akitoka Nantes kwenda Cardiff kwa ndege ndogo ya injini moja. Rubani wake hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, naye alikufa pamoja na abiria wake. Aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021. Mwajiri akikuletea abiria wa kulipa kwenye ndege ya binafsi, leseni inayowekwa rehani ni yako, na kampuni ya bima itakuwa ya kwanza kuuliza fedha zilipita wapi.

Kuhusu mkataba: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri, kwa hiyo huombi fadhila ukiudai. Sheria hiyo hiyo inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. "Ratiba ni simu yangu" haipatani na hayo. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, na mwajiri hawezi kukata mshahara wako hadi akapita theluthi mbili yake, hata kama unadaiwa.

Sasa deni la mafunzo. Kufungwa miaka mitatu kwa mafunzo ya ndege ya aina hii ni kurefu mno kwa maoni yangu, lakini urefu si tatizo kubwa kama sharti lenyewe. Umeandika "nikiondoka kabla". Je, akikuondoa yeye? Taka iandikwe kwamba deni hupungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba hufutika lote akikuachisha kazi au ukiacha kwa sababu ya usalama.

Nahodha_Mstaafu

Bi Wakili amegusa mahali ambapo nilitaka kurudi, naye amelisema kwa lugha ya sheria, nami nitalisema kwa lugha ya chumba cha rubani.

Machi 29 mwaka 2001, ndege ya Gulfstream III iliyokodiwa ilianguka ikijaribu kutua Aspen, Marekani, usiku, katika theluji. Watu wote 18 walikufa. Ilikuwa imechelewa kuondoka, na kiwanja kile kilikuwa na mwisho wa saa za kutua usiku. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilitaja shinikizo la mteja kwa rubani kuwa mojawapo ya mambo yaliyochangia. Hiyo ndiyo ajali ambayo kila anayefikiria kazi ya tajiri huambiwa. Lakini kuna nyingine ambayo kwangu inafundisha zaidi. Januari 26 mwaka 2020 helikopta iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant iliingia mawinguni Calabasas, huko huko Marekani, na watu tisa wakafa. Wachunguzi walitafuta kama mteja au kampuni ilimsukuma rubani, na hawakuona ushahidi wowote. Walichosema ni kwamba huenda rubani alijisukuma mwenyewe, kwa kutaka kumfikisha mtu aliyemheshimu.

Mwanangu, nakuuliza wewe, si tajiri. Siku hiyo ya mawingu ya masika, ukiwa peke yako kiti cha mbele, hapana mwenzako wa kukuambia "kapteni, turudi", utakuwa na nini kichwani? Utakuwa na mama, watoto, mshahara maradufu, na deni ambalo huwezi kulilipa. Tajiri hatalazimika kusema neno. Deni hilo ni abiria, na litakaa karibu nawe kuliko yeye. Ndege kuruhusiwa rubani mmoja haina maana kwamba mmoja anatosha kwa kazi hii. Mkimpata rubani msaidizi, hata kijana wa saa 300, umepata shahidi, na tajiri huona haya mbele ya shahidi.

Kiti_cha_Kushoto

Ninakubaliana na mzee juu ya rubani wa pili, na ninaongeza kwamba sisi tulianza kuwa wawili mwaka wa tatu, baada ya mimi kuugua tumbo tukiwa angani. Tajiri ndiye aliyedai mwenyewe, kwa sababu aliogopa. Wakati mwingine namna ya kumfikia mtu kama huyu ni kumkumbusha kwamba naye yumo ndani ya ndege.

Mwana_Malindi

Naomba radhi kwa kimya cha siku tisa. Nimefanya mliyoniagiza, na ninarudi kutoa habari.

Daftari la ufundi nililiona. Fundi, kurasa hazikuwa safi. Kulikuwa na hitilafu zilizoandikwa na kurekebishwa kwa wakati, na nilifurahi. Kwa ndege, huyu bwana si bahili, nami ni lazima nimpe haki yake.

Rubani aliyenitangulia nilimpata Mombasa. Alinipokea vizuri na hakumsema vibaya. Alisimulia kwamba siku moja ya mvua kubwa alikataa kuondoka Wilson saa kumi jioni kwa sababu wingu la radi lilikuwa limekaa juu ya njia. Bwana alishuka, akapanda ndege ya abiria ya kesho yake asubuhi, na hakumsemesha kwa majuma matatu. Mwezi wa nne akamwambia kwamba kazi imekwisha, kisha akamtumia hesabu ya deni la mafunzo. Analilipa mpaka leo.

Kisha nikamuuliza bwana mwenyewe, kwa adabu, kama mzee alivyonielekeza. Alikumbuka siku ile ile. Alisema kwamba wingu lilikuwa dogo, na kwamba ndege nyingine mbili ziliondoka. Niliuliza kama rubani aliachishwa kwa sababu hiyo. Akasema hapana, aliachishwa kwa sababu hakuwa na mwendo wa kazi. Majibu yalilingana kwa siku, kwa mahali na kwa wingu, na yalitofautiana kwa jambo moja tu, ambalo ndilo nililoliendea.

Hata hivyo sikukata tamaa, kwa sababu Malindi ni Malindi na mama ni mama. Nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja: tuwe marubani wawili, abiria wa kulipa wasiwepo, nipate siku moja kila juma isiyo na simu, na deni lipungue kila mwezi na lifutike akiniachisha yeye. Alinijibu kwa siku mbili, na nasema kweli, alijibu kwa heshima. Rubani msaidizi alimkubali. Rafiki wa kuchangia mafuta aliwaacha. Siku ya mapumziko aliikubali kwa sharti la kujulishana. Deni alilikataa. Aliandika kwamba mtu asiyetaka kufungwa hana nia ya kukaa.

Nilimsomea mama barua yote, pamoja na habari ya rubani wa Mombasa. Alinyamaza muda, kisha akauliza deni lile ni kiasi gani. Nilipomtajia, aliuliza kama nyumba hii tunayokaa ingelilipa. Nikasema ingelipa nusu. Hakusema zaidi, na mimi sikuhitaji zaidi.

Jana nilimwandikia bwana nikamshukuru, nikamwambia kwamba akibadilisha sharti lile moja mlango wangu uko wazi hata mwakani, na kwamba mengine yote ningeyavumilia pamoja na ulimi wake. Nimezungumza pia na mkuu wa marubani katika kampuni yangu, naye ameahidi kutazama kama Caravan moja inaweza kulala Malindi katika msimu wa kaskazi, wakati wageni wanapokuwa wengi. Haijawa hakika.

Mzee wangu, nitavuka kuja Lamu mwisho wa mwezi kukuamkia. Kesho ninarudi Wilson. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nahodha_Mstaafu

Karibu sana, mwanangu. Ukitua Manda nipigie simu, nitakutumia boti. Na uje na namba ya huyo kijana wa Mombasa. Ningependa kuzungumza naye pamoja na Bi Wakili juu ya deni hilo analolipa.

Wakili_wa_Kazi

Aniletee mkataba wake na barua ya kuachishwa, na mapema, kwa kuwa madai ya ajira huisha muda baada ya miaka mitatu. Kama aliachishwa bila kuitwa na kusikilizwa mbele ya mwenzake wa kazi kama sheria inavyotaka, tuna pa kuanzia.